Saa 15 hewani na Mama: Nairobi hadi New York bila kubadilisha ndege

Mama yangu ana miaka 71, ana presha, na dada yangu mdogo ameolewa New Jersey, jirani na New York. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikifuatilia habari za ndege za masafa marefu kama wengine wanavyofuatilia mpira. Leo naandika uzoefu wetu wa safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways kutoka uwanja wa JKIA, Nairobi, hadi uwanja wa JFK, New York, tuliyoipanda Septemba 2024.

Kwanza niseme tulikotoka. Mwaka 2016 tulikwenda huko huko kwa shirika jingine, kwa kubadilisha ndege katika mji mmoja wa Ghuba. Tulikuwa tumeomba kiti cha magurudumu mapema na tukathibitishiwa, lakini tuliposhuka hapakuwa na kiti wala mtu wa kutupokea. Mama alitembea geti hadi geti akiburuta mguu, na tulipofika milango ilikuwa imeshafungwa. Tukasubiri ndege iliyofuata zaidi ya saa tisa, kwenye viti vya chuma. Alilala ameegemea begi langu, amejifunika ushungi usoni kwa sababu ya ukali wa zile taa. Hadi leo picha hiyo haijanitoka.

Wakati ule hatukuwa na njia nyingine. Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa usafiri wa anga, ambalo lilihitajika ili ndege zetu ziruke hadi kwao, Februari 2017, na ndege ya kwanza ya moja kwa moja ikaondoka Nairobi tarehe 28 Oktoba 2018. Niliitazama habari hiyo kwenye runinga nikiwa na Mama, akaniuliza, “Kwa hiyo hakuna kushuka njiani kabisa?” Nikamwambia hakuna.

Safari huondoka usiku wa manane au kabla kidogo. Sisi twakaa South C, uwanja uko karibu, lakini tulitoka nyumbani mapema na sikujuta. Pale kwenye kizuizi cha kuingilia uwanjani tulishuka garini na kupita ukaguzi kwa miguu, kwa hiyo ukiwa na mzee panga kabla nani atamshika mkono na nani atabeba mikoba. Safari hii kiti cha magurudumu kilikuwepo, na kijana aliyekisukuma alimwita Mama “nyanya” kuanzia kaunta hadi mlango wa ndege. Getini kuna ukaguzi mwingine wa wanaokwenda Marekani. Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, na cheti cha daktari kando.

Rafiki wa kaka yangu, ambaye ni rubani, ndiye aliyenieleza kwa nini safari kama hii inafaa usiku. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na jua likiichoma huzidi kuwa nyepesi. Mbawa hukosa cha kushikilia, injini nazo hupata hewa haba. Ndege iliyobeba mafuta ya saa 15 ikitaka kuruka mchana wa joto, huenda ikalazimika kuacha mizigo au abiria. Usiku hewa imepoa na kushikamana. Shirika lilipoitangaza safari hii lilisema inahitaji tani 85 za mafuta kila upande, marubani wanne na wahudumu 12. Tani hizo zilinijia akilini tulipoanza kukimbia. Nilimshika Mama mkono, nikasikia magurudumu yakigonga lami, yakigonga, muda mrefu kuliko nilivyozoea kwenye ndege za Mombasa, halafu mlio ukakatika na taa za Embakasi zikaanza kushuka chini yetu.

Ndege yenyewe ni Boeing 787-8, ile Dreamliner: viti 30 vya daraja la biashara na 204 vya daraja la kawaida, vitatu vitatu katika mafungu matatu. Sisi tulikuwa daraja la kawaida. Kuna jambo moja kuhusu ndege hii ambalo kila mwenye mzazi wa presha au kifua anapaswa kulijua. Ndege nyingi za zamani hewa yake ya ndani huwa kama ya mahali penye urefu wa mita 2,400, yaani ni kama umekaa Limuru usiku kucha. Bodi ya Dreamliner imeundwa kwa nyuzi za kaboni badala ya alumini, inastahimili mgandamizo zaidi, kwa hiyo hewa ya ndani huwekwa kama ya mita 1,800. Hiyo ni hewa ya Nairobi hii hii. Mama alipumua saa 15 zote kama yuko sebuleni kwake. Hata ukavu wa koo ulipungua, kwa kuwa kaboni haishiki kutu na kabini inaweza kuwa na unyevu zaidi. Kichwa hakikumuuma, na kile kizunguzungu cha 2016 hakikurudi.

Miguu ni habari nyingine, na hapo hakuna ndege ya kukuokoa. Ukikaa kitako muda huo wote damu hutuama miguuni, na kwa mzee hatari ya damu kuganda ni ya kweli. Daktari wake alituandikia soksi za kubana, nikamvisha nyumbani kabla hajashika njia, kwa sababu ukingoja mguu uvimbe hazipandi tena. Kila baada ya saa mbili tulisimama, tukatembea hadi jikoni kwa wahudumu na kurudi. Mara ya tatu walishamzoea, wakawa wanamwekea kikombe cha maji.

Sasa nieleze lililonigusa zaidi. Ukiruka magharibi usiku, usiku unakwenda nawe. Tulivuka Afrika gizani, tukaingia Atlantiki gizani. Mama alikuwa ameswali Isha uwanjani, na kila akiamka aliuliza, “Alfajiri bado?” Nikawa natazama ramani kwenye skrini na kumjibu bado. Saa yake ya mkononi ilikuwa inasoma saa sita mchana, wakati ambao South C watu wanaanza kujiandaa kwa Adhuhuri, ndipo mstari mwembamba wa rangi ya machungwa ukatokea nyuma ya mbawa. Madirisha ya ndege hii hayana pazia. Yana kitufe cha chini kinachofanya kioo kiwe na giza au cheupe. Nilikibonyeza taratibu, buluu ikafifia, na mwanga ukamwangukia mikononi. Aliswali ameketi, uso umeelekea mkia wa ndege, nami nikamshikia miwani. Baada ya saa mbili hivi tulikuwa tumetua.

Kurudi ni kwepesi zaidi, kama saa 14, kwa kuwa upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege mgongoni.

Kwa hiyo ninaposoma habari za oda za ndege huwa najiuliza swali moja: Mama yangu atakaa wapi humo ndani? Singapore Airlines inaruka New York hadi Singapore, zaidi ya kilomita 15,000 na karibu saa 19, kwa Airbus A350-900ULR yenye viti 161 tu: 67 vya biashara na 94 vya daraja la kati. Daraja la kawaida halimo kabisa. Qantas nayo iliagiza A350-1000 kumi na mbili mwaka 2022 ili iruke Sydney hadi London na New York bila kutua, hata saa 22, kwa kuongezewa tangi la lita 20,000. Viti ni 238, na 140 kati ya hivyo ni vya daraja la kawaida, vyenye nafasi ya inchi 33 kutoka kiti hadi kiti, na kuna sehemu ya abiria kunyoosha viungo. Kwa maoni yangu Qantas imefikiria vizuri zaidi. Umbali huu usiwe wa matajiri peke yao, maana mwenye mguu unaovimba mara nyingi ni mzee wa daraja la kawaida aliyechangiwa tiketi na watoto wake.

Tena ndege hazinunuliwi leo zikaja kesho. Kenya Airways iliagiza Dreamliner mwaka 2006, ya kwanza ikatua Nairobi Aprili 2014. Safari hizo za Qantas zilikuwa zianze 2025, sasa zinatajwa 2027. Boeing 777X iliruka kwa majaribio Januari 2020 na mashirika bado yanaisubiri. Majirani zetu Ethiopian, ambao uwanja wao uko juu kuliko wetu na ambao ndege zao za kwenda Marekani zimezoea kutua njiani kuongeza mafuta, waliagiza 777-9 nane, aina mojawapo ya hiyo 777X, mwaka 2024. Natamani sana wanaotupangia ndege za miaka ya 2030 hapa Nairobi waanze hesabu zao sasa, na waanze na hewa yetu nyepesi ya mita 1,624, mafuta na viti vya nyuma.

Aprili Mama anakwenda tena, dada anatarajia mtoto wa pili. Nimemkatia safari hii hii, kiti cha kando ya njia, karibu na choo, na kiti cha magurudumu nimekiomba siku ile ile niliyolipa. Jana nilipopita kwake nilikuta ameshazifua zile soksi, zimeanikwa barazani.