Moyo wa plastiki wa kufundishia, nimenunua Moshi mjini: mzuri ila kagua rangi kabla hujalipa

Walimu wenzangu na wazazi mnaokaa na watoto jioni kwenye madaftari, kuna huu moyo wa plastiki wa kufundishia, mkubwa kuliko moyo wa kweli, unafunguka vipande vitatu vinavyoshikana kwa sumaku na una stendi yake. Nimeuchukua 65,000 kwenye duka moja la vifaa vya shule hapa Moshi kwa ajili ya wanafunzi wangu wa tuition wa form two.

Uzuri wake kwanza. Ukitoa kipande cha mbele unaona vyumba vyote vinne, auriko mbili juu na ventriko mbili chini, na ukuta wa ventriko ya kushoto wameutengeneza mnene kweli, karibu mara tatu ya ule wa kulia. Hapo ndo napapenda sana, mwanafunzi anabana ule ukuta kwa vidole viwili anapima mwenyewe afu unamuuliza kwa nini huku pamenenepa hivi na kule pembamba, muache afikirie, mpaka aone kwamba kulia inasukuma damu hadi mapafuni tu ambako ni hapo jirani, ila kushoto inatakiwa iifikishe kichwani na mpaka vidole vya miguu. Vali nazo zipo, yaani vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, na zile nyuzi nyeupe zinazozishikilia zisipinduke kwenda juu ventriko ikibana zinaonekana vizuri tu.

Sasa tatizo, na hili jamani sio dogo. Kwenye mifano ya moyo nyekundu ni damu yenye oksijeni nyingi na bluu ni yenye kidogo, ila hapa ateri ya mapafu wameipaka nyekundu na vena za mapafu (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) wamezipaka bluu! Yaani aliyepaka rangi kajua ateri zote ni nyekundu basi. Ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo, haijalishi ina oksijeni au haina, na ile inayotoka ventriko ya kulia imebeba damu iliyorudi kutoka mwilini, oksijeni imeshapungua, inaenda mapafuni kuchukua nyingine na kuacha kabonidioksidi, halafu inarudi auriko ya kushoto kwa vena nne. Hii njia tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis aliiandika tangu karne ya 13, kwa hiyo inaniuma kuona mtoto analishwa kinyume chake na kifaa cha hela yote hiyo, na ndo swali linalowaangusha wengi kwenye mtihani. Nilirudi dukani wakasema yote imekuja hivyo hivyo, hawakubadilisha. Nikanunua rangi ya kucha nyekundu na bluu pale Mbuyuni nikapaka upya, imeshika vizuri.

Kitu kingine hauonyeshi kapilari, na kazi yenyewe ya kubadilishana hewa na chakula inafanyika huko, kwenye mishipa myembamba mpaka seli nyekundu zinapita moja moja kwa foleni. Itabidi uchore kwenye manila mapafu juu, mwili chini, moyo katikati, wafuatishe mzunguko mzima kwa kidole. Kuna binti ambaye baba yake ni mpagazi mlimani akauliza kwa nini kule juu moyo unaenda mbio hata mtu amekaa, na swali lake likafundisha kuliko plastiki: kilele cha Uhuru pale Kilimanjaro ni mita 5,895, oksijeni unayovuta ni kama nusu ya ile ya usawa wa bahari, damu inatoka mapafuni na oksijeni kidogo, basi moyo unaongeza mapigo ili damu izunguke haraka zaidi.

Ukiweza ongezea na moyo wa mbuzi kutoka buchani, mwambie muuza nyama asiupasue na aache mishipa ya juu iwe mirefu. Mimina maji kwenye aota, ile ateri kubwa inayotoka ventriko ya kushoto, utaona vali inajifunga na maji yanasimama pale hayashuki. Plastiki haiwezi hiyo.

Mimi naupa 3 kati ya 5. Ukienda kununua fungua boksi pale pale kaunta, ugeuze uangalie mgongo wake, tafuta ile mishipa minne inayoingia auriko ya kushoto (kushoto kwa moyo, ukiutazama kwa mbele inakuwa kulia kwako), ikiwa ya bluu wapunguze bei angalau hela ya rangi.