Utabiri wa vuli: takwimu au mienendo ya angahewa?
Modeli ya takwimu, yaani hesabu inayotabiri kwa kufuata rekodi za zamani, huendeshwa hata kwa kompyuta ya mezani. Unachukua mvua ya Oktoba hadi Desemba ya miaka 30 au zaidi, unaihusisha na joto la bahari la Agosti: Pasifiki ya kati, na tofauti kati ya magharibi na mashariki mwa Bahari ya Hindi. Huharibika mtafiti anaporundika vigezo kumi. Hapo hesabu hukariri yaliyopita badala ya kutabiri yajayo. Vigezo viwili vyatosha, na kila mwaka uachwe nje ya hesabu kwa zamu, kisha utabiriwe kwa miaka iliyobaki ili kuipima modeli.

Modeli ya mienendo, mfano SEAS5 ya Ulaya, hutatua milinganyo ya upepo, joto na unyevu, ikitoa matokeo 51 kila mwezi. Upotofu wake, yaani tabia ya kuzidisha au kupunguza mvua, lazima usahihishwe kwanza. Kwa vuli tunaipendelea hii. Kwa masika zote mbili ni dhaifu.