Michoro ya maandalizi ya David kwenye tovuti ya Met: uzoefu wangu

Ninafundisha kuchora, na kwa muda mrefu nilitafuta mahali pa kuwaonyesha wanafunzi jinsi mchoraji mkubwa anavyofikiri kabla hajagusa rangi. Nimepapata kwenye tovuti ya jumba la makumbusho la Metropolitan (Met), New York. Tangu Februari 2017, picha za kazi zake ambazo hakimiliki imekwisha zimeachiwa watu wote: unafungua, unapakua, unatumia utakavyo, hulipi wala hujisajili.

Mimi huenda moja kwa moja kwa Jacques-Louis David, Mfaransa aliyezaliwa 1748, bingwa wa picha za matukio ya kihistoria. Wengi wanaijua picha yake ya 1787 ya kifo cha Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, iliyochorwa kwenye turubai (kitambaa cha kuchorea) lenye upana wa karibu mita 2. Jumba hilohilo lina pia mchoro wake wa maandalizi, wino juu ya chaki nyeusi, kwenye karatasi isiyozidi A3, yaani A4 mbili. Huo ndio unaonirudisha kila mara. Ukiukuza, unaona miraba ya chaki imepita katikati ya watu. Kilichomo kwenye mraba mdogo wa karatasi kinahamishiwa kwenye mraba mkubwa wa turubai, mmoja baada ya mwingine, ili uwiano usiharibike. Wanafunzi wangu walikuwa wakiamini kupiga miraba ni njia ya wasiojua kuchora. Niliwafungulia mchoro huo, ubishi ukaisha palepale.

Tafuta pia karatasi alizochora Roma kati ya 1775 na 1780, akinakili sanamu na majengo ya kale. Kwenye michoro yake mingi utaona herufi ndogo, E.D. na J.D. Waliziandika wanawe, Eugène na Jules, baada ya baba yao kufariki 1825. Mimi napenda sana alama hizo. Zinaonyesha karatasi imepita mikononi mwa nani.

David alichora pia kwa haraka Marie-Antoinette, malkia wa Ufaransa, akipelekwa kukatwa kichwa kwa gilotini, 16 Oktoba 1793; mchoro huo usiutafute hapa. Huo uko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Mafaili ni mazito, kwa hiyo pakua penye Wi-Fi, bando litakwisha. Ukitaka kuchapisha, kaa karibu na fundi. Duka moja nililopeleka faili waliongeza mwanga bila kuniuliza, chaki hafifu yote ikapotea, ukabaki wino mtupu. Sasa nasema mapema wasiguse chochote, na nachagua karatasi isiyong'aa.

Jambo moja skrini yoyote haikupi: ukubwa. Karatasi ndogo na turubai ya mita 2 zinajaa kioo cha simu sawasawa. Soma vipimo vilivyoandikwa kwenye ukurasa wa kila kazi, kisha vipime kwa futi ukutani. Anayeanza, aanze na huo wa Socrates. Afungue mchoro na picha ya rangi pamoja, kwenye kompyuta ikiwezekana, na alinganishe mkono mmoja mmoja.