"Hili ni Tamasha, si Harusi": Uzoefu Wangu na Tamasha la Bendi za Nyumbani, Pangani

Nilikusudia kuandika haya siku ileile niliyorudi Tanga mjini, lakini nikaona hasira itaniponza nikaandika maneno yasiyosomeka mbele ya watu, nikaahirisha. Sasa wiki kadhaa zimepita na hasira bado iko palepale, basi naandika hivyohivyo. Anayetaka kujua bei ya tiketi, orodha ya bendi na saa za kuanza ataviona kwenye mabango na kwenye simu yake. Mimi nataka kuzungumzia uzio.

Tamasha lenyewe hufanyika kijijini, ng'ambo ya Mto Pangani, katikati ya minazi, na huandaliwa na vijana ambao hawana kampuni ya simu wala ya bia nyuma yao. Wameweka sharti ambalo nalipenda sana: bendi zote ziwe za mkoa huu, zipige vyombo kwa mikono yao, na asiruhusiwe mtu kupanda jukwaani na flashi halafu akafungua mdomo juu ya sauti iliyokwisha kurekodiwa. Si sharti jipya, kwa kuwa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004, limejijengea jina kwa msimamo huohuo, lakini kulishika kijijini, mahali ambapo umeme wa jukwaa unatoka kwenye jenereta la kukodi, ni jambo la kuheshimiwa. Nilivuka na pantoni pamoja na mama yangu mkubwa, ambaye kwao ni Pangani, na ambaye alikuwa hajasikia taarabu ya vyombo tangu harusi ambayo bibi harusi wake sasa anaitwa bibi na wajukuu.

Alasiri ya kwanza sina neno nayo. Nasema hivyo nikijua kwamba inaidhoofisha lawama yangu, lakini haki ni haki. Lori lililobeba vyuma vya uzio lilikuwa limekwama kwenye foleni ya pantoni upande wa mjini, na waandaaji, wakiona jua linashuka na watu wamekwisha kufika, wakaamua kuanza bila vyuma. Ikapanda bendi ya dansi ya wazee watupu, magitaa matatu, ngoma na tarumbeta moja. Mpiga solo alikuwa na gitaa ambalo kitufe kimoja cha kukazia waya kilikuwa kimekatika zamani, kikabaki kijiti cha chuma tu, kwa hiyo alikuwa amejifunga koleo kiunoni kwa kamba ya mkonge, na kila baada ya wimbo mmoja au miwili aliichukua, akakibana kile kijiti, akakizungusha kidogo huku ameinamisha sikio, kisha akairudisha koleo mahali pake na kuendelea kama kwamba magitaa yote duniani yametengenezwa hivyo. Walipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, kijana mmoja akatoka kati ya watu, akapanda, akambandika noti kwenye paji la uso. Jasho likaishika. Mzee akapiga wimbo mpaka mwisho na noti ile usoni, hakuigusa, na sisi tulikuwa karibu naye kiasi kwamba tulimwona akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Hiyo ndiyo Tanga niliyosimuliwa. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 na ukapandwa kwanza hukuhuku Pangani, na mashamba yale yakavuta watu kutoka kila pembe ya bara, nao wakaja na nyimbo zao wakakutana na magitaa ya mjini. Bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga mjini ilianza katika miaka ya 1950 ikiitwa Young Nyamwezi, jina linalotosha kueleza waanzilishi wake walitoka wapi, na Atomic Jazz ilikuwa mpinzani wake mjini humohumo. Muziki huo haukulelewa na wasikilizaji waliokaa kimya. Hata kabla ya magitaa, katika enzi za beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, vyama vya Marini na Arinoti vilishindana katika miji ya pwani kwa sare, kwa ngoma na kwa karamu, na mtu hakuwa mtazamaji, alikuwa mfuasi wa upande wake, akitoa fedha yake na sauti yake ili upande wake usiaibike. Ninayasema haya kwa sababu baadaye niliambiwa na kijana wa umri wa mwanangu kwamba mimi ndiye nisiyeelewa tamasha ni nini.

Usiku wa pili lori lilikuwa limefika. Vyuma vilikuwa vimesimamishwa vikimfikia mtu mzima kifuani, kutoka mnazi mmoja hadi mwingine, na kati ya vyuma na jukwaa kulikuwa na uwanja mtupu wenye sofa chache za wageni waheshimiwa, ambao wengi wao walikuwa wakitazama simu zao. Mabaunsa walisimama wakitupa sisi nyuso, jukwaa mgongo. Nilifikiri labda wanatarajia bendi ya vijana yenye vurugu. Kumbe kinachofuata ni kikundi cha taarabu chenye waimbaji wanne wanawake, aliye mdogo kwao akiwa na umri wa kuitwa mama.

Naomba nieleze taarabu ya Tanga kidogo, kwa sababu bila hilo kisa changu kitaonekana kidogo kuliko kilivyo. Unguja walikuwa na fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na safu za wapigaji waliokaa kwenye viti. Vikundi vya Tanga, Black Star na baadaye Lucky Star, vilikuwa vidogo, vikaingiza gitaa la umeme na besi, vikaifanya taarabu iwe nyepesi na ya kuchezeka, na mtindo huo ukasikika pwani yote mpaka Mombasa. Marehemu Bi. Shakila, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa mzaliwa wa Pangani na aliviimbia vikundi vyote viwili. Kwa hiyo taarabu ikipigwa Pangani haijaalikwa, iko kwao. Na taarabu ina kazi mbili kila usiku: ya mwimbaji, na ya yule anayeinuka kwenda kumtunza. Mwanamke akisikia ubeti unaomhusu, unaomsema jirani yake, mume wake au yeye mwenyewe, huinuka na noti yake, akaenda taratibu kwa madaha ili kila mtu amwone ameinukia maneno gani, na mwimbaji akimwona anakuja humgeukia na kuurudia ubeti mpaka afike. Ukimzuia njiani, umekata wimbo.

Wimbo ulikuwa wa mwanamke aliyeachwa na watoto akawalea mwenyewe. Mama mkubwa alikaa kimya beti mbili za mwanzo. Katika ubeti wa tatu akafungua pindo la kanga, akatoa noti za elfu mbili mbili, akazikunja kwa urefu, akazipanga katikati ya vidole kama wafanyavyo wenyewe, akainua mkono juu na kuanza kwenda. Wanawake wa pale wanaomjua wakapiga vigelegele. Mwimbaji akamwona, akageuka, akaurudia ubeti. Mama mkubwa akafika kwenye vyuma, penye mwanya wa kupitia, na baunsa akasogea akauziba mwanya kwa mwili wake.

"Bibi, rudi ukakae."

Hata shikamoo hakuitoa. Mama mkubwa, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, ninakwenda kutunza." Yule kijana akamshika kifundo cha mkono, akaushusha ule mkono pamoja na noti zake, polepole, jinsi mtu anavyoshusha bendera, akasema, "Hakuna kutunza hapa. Huku ni VIP." Mwimbaji alikuwa ameurudia ubeti mara ya tatu. Akaurudia tena. Kisha akatazama chini, akawapa wapigaji ishara, wakaingia kiitikio, na wimbo ukaendelea bila sisi.

Nikamtafuta mwandaaji. Nilimpata nyuma ya meza ya mitambo, kitambulisho shingoni, redio ya mawasiliano mkononi, naye alinisikiliza kwa sekunde chache huku macho yake yakiwa jukwaani. Jibu lake nimelibeba mpaka leo: "Mama, hili ni tamasha, si harusi." Akaongeza kwamba anayetaka kuwatunza wasanii ipo Lipa Namba kwenye bango lililo langoni. Nilimuuliza namba hiyo ni ya kikundi au ya tamasha. Akasema ni ya tamasha, watagawana baadaye. Nilimuuliza watagawanaje, nani atajua kwamba fedha ile imetolewa kwa ubeti upi na kwa mwimbaji yupi, akanijibu kwamba ana kazi.

Nitampa haki yake kwa jambo moja. Msaidizi wake, binti mwenye adabu zaidi, alinifuata baadaye akaeleza kwamba mwaka uliotangulia watu walipanda jukwaani kwa wingi, mmoja akajikwaa kwenye nyaya, kipaza sauti kikaanguka na spika ikaungua, nao walilipa gharama kwa miezi. Naiamini habari hiyo. Vijana wasio na mfadhili wakipoteza spika moja wamepoteza tamasha la mwaka unaofuata. Lakini dawa ya nyaya ni kuzifunika kwa mkeka au kuzipitisha nyuma ya jukwaa, na dawa ya msongamano ni kuweka mtu mmoja, mwanamke mtu mzima, apange foleni ya watunzaji, kazi ambayo kila shughuli ya uswahilini ina mtu wa kuifanya bila kulipwa hata senti. Sofa hazikuwekwa pale kwa ajili ya kulinda nyaya.

Na suala si heshima peke yake, ingawa heshima ingetosha. Baada ya kikundi kushuka nilikwenda kuwasalimu, nao walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakila wali uliopoa. Kiongozi wao alinieleza kwamba malipo ya waandaaji yanawatosha nauli ya kwenda na kurudi, kukodi kinanda na chakula. Fedha ya kurudi nayo nyumbani ni tuzo. Yupo mwenzao mmoja ambaye kazi yake ni kuokota noti zilizoanguka na kupokea zilizo mkononi mwa mwimbaji, akazitia mkobani, na mwisho wa usiku zinahesabiwa mbele ya wote, mpiga dumbaki akipata fungu lake kama mwimbaji. Usiku ule alikaa na mkoba mtupu mapajani. Hakulalamika, na hilo liliniudhi zaidi kuliko angelalamika. Mama mkubwa alizitoa zile noti palepale, akampa mkononi bila muziki wala madaha, kama mtu anayelipa deni la duka.

Sasa hukumu, maana najua msomaji anaisubiri. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende. Halafu nimejikuta nimemaliza aya nzima nikimsifu mzee wa koleo, na ni kweli kwamba sijasikia gitaa likipigwa namna ile kwa miaka mingi, wala sijui mahali pengine katika mkoa huu ambapo bendi ya wazee hupewa saa nzima ya jukwaa bila mwanasiasa kuwakatiza kwa hotuba. Kulikuwa pia na kikundi cha ngoma ya mdumange kutoka milima ya Usambara kilichotoa vumbi uwanja mzima, na mafundi mitambo walikuwa hodari, besi ilisikika safi mpaka kwenye vibanda vya mihogo. Kwa muziki, basi, ningewapa alama zote. Lakini kila nikifika kwenye alama zote nauona ule mkono unashushwa, nafuta nilichoandika. Mtu anawezaje kuwaita watu wa Pangani waje kusikiliza taarabu ya Pangani, halafu akawaambia wanachokifanya siku zote taarabu ikipigwa ni ushamba wa harusini? Harusi ndiyo iliyowaweka hai hawa waimbaji miaka yote ambayo hapakuwa na tamasha. Kama si harusi, kijana yule mwenye redio angemwalika nani jukwaani?

Nimewaandikia. Wamejibu kwa maneno ya kuchapa, kwamba maoni yangu ni muhimu kwao. Sijajibiwa kuhusu ile Lipa Namba, na nitaendelea kuuliza.

Anayetaka kwenda safari ijayo, afike alasiri ya siku ya kwanza, aombe foleni ya pantoni iwe ndefu, na abebe noti ndogondogo. Mimi nimesema mbele ya nyumba nzima kwamba sitakanyaga tena. Mama mkubwa ameshaniuliza mara mbili tarehe zimetangazwa au bado, kwa sababu yule mwimbaji amemwahidi ule wimbo, na anasema baunsa yule akimkuta tena pale mwanyani atamwambia ampe kwanza shikamoo yake ndipo wazungumze. Nadhani nitampeleka. Tiketi ya sofa hawataniuzia.