Huduma za manispaa yetu: pesa ina namba, kero haina

Natumia huduma za manispaa kama mkazi na kama mwenye duka, hapa Tanzania. Mambo yanayonipeleka huko ni leseni, taka, barua za serikali ya mtaa na kero za mtaro. Nimeridhika na baadhi, mengine hapana, na tofauti yake naiona wazi: jambo likishapewa namba linakwisha, likibaki mdomoni linazunguka.

Leseni ya biashara naisifu kwa moyo mweupe. Leseni za kundi B ndizo za halmashauri (za kundi A ziko BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni), na maombi yanapita kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Kabla hujaufungua, weka mezani namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, TIN (namba ya mlipakodi), uthibitisho wa kodi kutoka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na mkataba wa pango. Maombi mengi yanakwama kwa sababu ya aina ya biashara. Ada inafuata aina, kwa hiyo ukibahatisha kati ya rejareja na jumla, afisa biashara akakuta mzigo dukani haulingani na ulichojaza, ombi linarudi. Kosa la pili ni TIN kubaki na eneo la zamani baada ya kuhamisha duka. Anzia TRA, rekebisha, ndipo urudi TAUSI. Ombi likikubaliwa unapata control number (namba ya malipo) ya tarakimu 12 na unalipa kwa simu au benki. Lipa mapema, maana ina mwisho wake wa matumizi, na ikipita unaomba nyingine.

Barua ya utambulisho ya mtaa ni kazi ya nusu saa ukimkuta mtendaji. Nenda na picha ya pasipoti, nakala ya kitambulisho na namba ya nyumba kama ilivyo kwenye kibao. Kabla hujatoka ofisini angalia muhuri: lazima uwe umepita juu ya pembe ya picha, nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Muhuri ukikaa pembeni peke yake, benki inaweza kuikataa. Angalia pia majina yafuatane kama kwenye NIDA, na barua iandikwe kwa ofisi unayoipeleka, si "kwa yeyote anayehusika".

Taka ndizo zinazoniumiza. Ada inakusanywa mlango kwa mlango kwa POS, mashine ndogo ya mkononi ya malipo, na hapo hakuna shida: stakabadhi inatoka papo hapo ikiwa na jina la halmashauri, aina ya malipo, kiasi na tarehe. Ila karatasi ile inaandikwa kwa joto, haina wino. Ukiibandika jikoni au ukaiacha kwenye pochi, maandishi yanafifia hadi unabaki na kipande cheupe. Ipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu mkusanyaji mpya akija na orodha inayosema unadaiwa, kile kipande cheupe hakikusaidii kitu.

Gari lenyewe ndilo linalokosa ratiba. Mkandarasi anaendesha kazi kwa ada anayokusanya. Nyumba nyingi zisipolipa, anapunguza safari za dampo, taka zinalala, na waliolipa nao wanaona hawana sababu ya kulipa mwezi unaofuata. Mvua ikinyesha mambo yanazidi: njia ya dampo inaharibika, na taka zilizolowa zina uzito, gari linajaa kabla halijamaliza mtaa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 wengi tunatumia viroba, na kiroba kisichofungwa mdomo kinakusanya maji. Maganda na mabaki ya chakula yaweke kwenye kiroba chake, funga, kitoe asubuhi ya zamu. Ukikitoa usiku mbwa wanakichana, na wapakiaji hawazoi kilichomwagika.

Sasa gari lisipopita wiki mbili, wapi pa kusema? Ukimpigia mtendaji, anasema atamwambia afisa afya. Afisa afya anasema amemwambia mkandarasi. Hakuna aliyeandika popote, na wiki ijayo unaanza upya. Nikilipa shilingi elfu chache napewa tarakimu 12. Nikilalamika sipewi hata moja. Hilo manispaa ilirekebishe kabla ya kununua gari lingine.

Njia inayofanya kazi ni barua, ya ukurasa mmoja. Taja mtaa, kata, tarehe ambazo gari halikupita na namba za stakabadhi za malipo. Chapa nakala tatu: moja peleka masjala ya manispaa (ofisi inayopokea barua), ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muulize karani namba ya jalada, iandike juu ya nakala yako. Ukirudi, usiulize "ile kero yangu imefikia wapi", taja namba ya jalada. Nakala ya tatu mpe diwani kabla ya kikao cha baraza la madiwani, ambacho hukaa kila robo mwaka, ili aulize akiwa na karatasi mkononi.

Kuhusu mtaro, angalia kwanza ni wa nani. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017; barabara kuu ziko TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barua ya mtaro wa barabara ukiipeleka manispaa itapokelewa vizuri, itagongwa muhuri, halafu italala. Iandike kwa meneja wa TARURA wa wilaya, ambatanisha picha mbili: moja ya mahali palipoziba, nyingine ya mahali maji yanapoingia kwenye nyumba, zote zikionyesha kibao cha namba ya nyumba iliyo karibu.