Chambo cha paka shume visiwani: Eradicat na Curiosity, maoni yangu

Hivi ni vyambo viwili vya sumu vya Australia, vya kuwamaliza paka walioingia porini wanaokula wanyama wa asili. Nianze na Eradicat maana ndo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Ni kisoseji kidogo tu, nyama ya kangaruu imesagwa ikachanganywa na mafuta ya kuku na viungo vya kumvuta paka, ndani kuna sumu inayoitwa 1080 (hilo ni jina lake, sio kipimo), miligramu 4.5 kila kimoja. Kabla ya kurushwa kwenye ndege zinaanikwa juani mpaka mafuta yatoke nje zing'ae, hapo ndo harufu inasambaa, na zinapuliziwa dawa ya wadudu kwa sababu sisimizi wakishajaa juu yake paka hagusi tena. Vitu vidogo hivi lakini ndo vinaamua.

Kinachonifurahisha ni uchaguzi wa sumu yenyewe. Kusini magharibi mwa Australia kuna mimea ya porini yenye sumu hiyohiyo kiasili, wanyama wa kule wameila vizazi na vizazi wakaizoea, paka kaletwa juzi tu na meli hana kinga hiyo. Kwa hiyo kwa upande ule wa magharibi hii kitu inafaa kweli. Kisiwa cha Dirk Hartog, hukohuko magharibi mwa Australia, kina kilomita za mraba kama 620, walimwaga chambo kwa ndege, vipande 50 kila kilomita ya mraba, na 2018 kikatangazwa hakina paka hata mmoja, wakaanza kuwarudisha wanyama wadogo waliokuwa wamepotea pale.

Sasa udhaifu wake, na hapa watu wengi wanajidanganya. Paka sio panya jamani. Panya unamwekea chakula anakuja mwenyewe, paka anataka kitu kinachokimbia, mzoga anaugusa akiwa na njaa tu. Ukimwaga soseji wakati sungura na panya wamejaa umetupa hela, zitaoza hapohapo. Lazima usubiri msimu ambao mawindo yamepungua, na hata hapo kuna wachache hawatakula kamwe, hao unawafuata na mitego na kamera, kwa miezi, wakati mwingine miaka. Kisiwa cha Marion, cha Afrika Kusini, walihangaika kuanzia ugonjwa wa paka walioupeleka makusudi 1977, wakaja na bunduki, mitego, mwishoni vifaranga vilivyotiwa sumu, wakamaliza 1991. Chambo peke yake hakimalizi kazi.

Curiosity ilitengenezwa kwa sehemu ambazo wanyama wa asili hawana uvumilivu wa 1080. Soseji ni ileile karibu, ila sumu ni nyingine, inaitwa PAPP, inaharibu damu isibebe oksijeni, mnyama analegea analala hazinduki, mi naona ni kifo chenye huruma zaidi na hilo kwangu ni la maana sana, paka hakujileta kisiwani. Sumu imefungwa kwenye kidonge kigumu katikati ya nyama. Paka meno yake yanakata hayasagi, anameza vipande na kidonge humohumo, wanyama wengi wadogo wanatafuna taratibu wakikuta kigumu wanakitema. Aliyefikiria hilo alikaa akawaangalia wanyama wanavyokula, heshima kwake. Shida ni kenge, wao wanameza kizima na PAPP inawaua, kwa hiyo itumike kipindi cha baridi wakiwa wamejificha.

Na kama kisiwa kina kaa wa nchi kavu basi usahau kumwaga chini. Christmas Island, kisiwa cha Australia kwenye Bahari ya Hindi, kaa wanamaliza chambo kabla paka hajafika, ikabidi kitundikwe juu kwenye vifaa maalumu kaa wasikifikie, na paka wa majumbani wakahasiwa, wapya wakakatazwa kuingizwa kisiwani.

Eradicat nampa nyota nne kule magharibi, kwingine nisingeigusa. Curiosity nne pia, lakini uanze kwanza kuhesabu nani mwingine kisiwani anakula nyama.