Mota ipi ununue kwa sanamu yako ya kwanza inayojongea

Wanaojifunza elektroniki kwa kutengeneza sanamu zinazojongea wengi hufika Kariakoo wakaulizia Arduino kwanza, yaani bodi ndogo ya kuendesha mota kwa programu. Ulizia mota. Sanamu nyingi nzuri hazina bodi yoyote, ila hakuna inayopendeza ikizunguka kwa mbio kama feni.

1. Mota ya gia za chuma, volti 12, mizunguko 10 hadi 30 kwa dakika. Kwa anayeanza, hii ndiyo. Adapta ya volti 12, ampea 1, inatosha, wala haihitaji programu. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe, kisha shika shafti kwa vidole: isichezecheze, na gia zisikwaruze.

2. Mota ya hatua ya 28BYJ-48 na bodi yake ya kuiendesha, ULN2003. Inatumia volti 5 na hugawa mzunguko mmoja katika hatua 2048, kwa hiyo mkono wa sanamu unaweza kusogea kidogo sana, ukatulia, ukaendelea. Hapa Arduino, au bodi nyingine kama hiyo, ni lazima. Ikitetemeka bila kuzunguka, usikimbilie kuirudisha dukani: kama pini IN1 hadi IN4 za ULN2003 umeziunganisha kwenye pini 8 hadi 11 za Arduino, katika maktaba ya Stepper (programu iliyo tayari ya kuendesha mota za hatua) andika pini kwa mpangilio wa 8, 10, 9, 11.

Tatizo lake ni nguvu. Kwenye ncha ya mkono wa sentimita 20 inamudu kama gramu 15 tu. Basi funga uzito upande wa pili, nati au vipande vya bati, uongeze kidogo kidogo mpaka mkono utulie popote unapouachia. Hapo mota inapambana na msuguano tu, na hata mkono mrefu utazunguka vizuri.

3. Mota ya njano ya magari ya kuchezea. Bei poa, lakini kwa volti 6 hufikia mizunguko 200 hivi kwa dakika. Usiiunganishe moja kwa moja kwenye pini ya Arduino, utaiunguza. Pitisha umeme kwenye transista ya TIP120, inayofanya kazi kama swichi, resista ya kiloomu 1 kati ya pini ya Arduino na besi (mguu wa transista unaopokea amri), na dayodi ya 1N4007 sambamba na mota, mstari wake ukielekea chanya.

4. Servo ya SG90, mota inayogeuka hadi pembe unayoiagiza. Huishia nusu duara. Inafaa kichwa cha ndege kinachoitikia, basi.

Mota ya sahani ya maikrowevu inavutia kwa sababu ni ya taratibu na ina nguvu, na mafundi wanazo. Nyingi hutumia umeme wa ukutani, volti 230. Kwenye sanamu iliyo wazi, ambayo watoto wataishika, usiifunge.